Bendiso ya inchi 14: ipange kuanzia gurudumu, si kuanzia fensi

Fundi akiniita nikamtazamie bendiso, yaani msumeno wa mkanda, malalamiko huwa yale yale: inakwenda upande, inakata tumbo (mkato unapinda ndani ya mbao), inamaliza bledi. Nikifika nakuta vidhibiti vimeibana bledi hadi inatoa cheche, fensi, ile ya kuegemeza mbao inapokatwa, imepindishwa kwa kukisia, na mkono wa kukazia umezungushwa mpaka umegoma. Kila aliyepita karakana hiyo ameweka dawa yake juu ya dawa ya mwenzake. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza siku zote ni kulegeza kila kitu na kuanza upya.

Shika jambo moja, mengine yatafuata: bledi inatakiwa ikimbie sawasawa ikiwa huru, kabla kidhibiti chochote hakijaigusa. Magurudumu ndiyo yanayoipa njia. Mkazo ndio unaoinyoosha. Vidhibiti vipo tu ili mbao isiisukume ikatoka njiani. Anayetumia vidhibiti kunyoosha bledi iliyopotoka tangu kwenye gurudumu ni kama anayemshika mlevi bega: watatembea, lakini si kwa mstari.

Mashine ninayoizungumzia ni msumeno wa mkanda wa seremala, wenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, kila moja la kipenyo cha inchi 14 hivi, yaani sentimita 35.5. Ndio utakaoukuta kwenye karakana nyingi za samani, iwe Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, uwe mpya au wa mtumba uliovuka bahari. Ile mikubwa ya kupasulia magogo ina taratibu zake na mafundi wake wa kunoa, sitaigusa hapa.

Andaa spana, spana za L, bisibisi, skwea unayoiamini, rula ndefu ya chuma, msasa namba 120, brashi ngumu, noti moja ya pesa na kadi moja ya biashara. Noti na kadi utaona kazi yake.

Umeme kwanza

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana kiwiko hugusa swichi na vijana wa karakana hupita. Kama mashine ni ya fezi tatu na imeungwa moja kwa moja ukutani, zima meni swichi, kisha mwambie kila aliyepo kwamba una mikono ndani. Vaa glavu ngumu unaposhika bledi iliyolegea, na uzivue kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu glavu ikinaswa na meno huvuta mkono mzima.

Toa bledi, tazama magurudumu

Legeza mkazo, rudisha nyuma vidhibiti vya pembeni na beringi ya mgongo (ile inayokaa nyuma ya bledi), juu na chini ya meza. Chomoa pini inayoshikilia mpasuo wa meza, kisha itoe bledi taratibu kutoka gurudumu la juu. Usiitupe sakafuni, meno yakigonga saruji yanaumia.

Sasa zungusha kila gurudumu kwa mkono, ukisikiliza. Gurudumu zima huzunguka kimya na kwa muda mrefu. Likikwaruza au kusimama haraka, beringi imekufa au imejaa unga wa mbao. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, usiendelee na marekebisho mengine, badilisha beringi kwanza. Beringi za mashine hizi ni za kawaida tu. Namba huwa imeandikwa pembeni mwa beringi yenyewe, na duka lolote la vipuri vya magari litakupatia inayolingana nayo.

Halafu mipira. Kila gurudumu limevalishwa mpira, na kwenye mashine nyingi za ukubwa huu mpira huo una mwinuko kidogo katikati. Mwinuko huo ndio siri ya mashine: mkanda unaozunguka hupanda kutafuta sehemu iliyo juu, na kwa hiyo bledi hukaa katikati bila kushikwa. Utomvu wa paina ukichanganyika na unga wa mbao unaganda juu ya mpira kama lami. Bledi ikipita juu ya vinundu hivyo inarukaruka, na wewe unalaumu mkazo. Kwangua kwa kijiti cha mbao ngumu, malizia kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Usitumie petroli, inakula mpira.

Mpira uliochimbika mfereji katikati hauna tena mwinuko. Kama mfereji ni mdogo, mwambie mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono huku wewe umeshika msasa uliogandishwa kwenye kibao, ukipunguza kingo mbili mpaka katikati pawe juu tena. Kama mpira umepasuka, umekakamaa au unahama ukiusukuma kwa kidole gumba, vua uweke mwingine. Ule wa kuvalisha bila gundi hulainika ukiuloweka kwenye maji ya moto, ukauvuta na kuuingiza kabla haujapoa.

Mwisho, magurudumu mawili yanatakiwa yawe kwenye bapa moja. Hili hupimwa bledi ikiwa imefungwa na kukazwa, kwa kuweka rula ndefu ikigusa ukingo wa gurudumu la juu na la chini. Ikigusa sehemu zote nne, shukuru. Ikiacha pengo la milimita moja kwenye gurudumu lenye mwinuko, achana nalo. Likiwa kubwa zaidi, pete nyembamba ya chuma (washa) nyuma ya gurudumu lililorudi ndani humaliza kazi. Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakitafuta nusu milimita hapa, na bledi yenyewe ilikuwa butu.

Bledi ipi kwa kazi ipi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae kidogo.

Urefu kwanza. Usiamini alichokwambia muuzaji wa mashine, pima mwenyewe. Weka mkono wa kukazia katikati ya safari yake, pima umbali kutoka kitovu cha gurudumu la juu hadi cha chini, uzidishe mara mbili, kisha ujumlishe kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Kwa mfano, vitovu vikiachana sentimita 63 na gurudumu likiwa sentimita 35.5, unapata 126 jumlisha 111.5, yaani sentimita 237.5. Hizo ni inchi 93 na nusu, urefu unaozoeleka sana kwa mashine za inchi 14.

Upana unategemea unakata mviringo au unapasua. Bledi ya robo inchi inaweza kuzunguka kona yenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Ya nusu inchi inahitaji kama milimita 64. Ukiilazimisha bledi pana kwenye kona ndogo, inajikunja, inachoma mbao, na ufa unaanza pale kati ya meno. Kwa kupasua ubao uliosimama, weka nusu inchi au zaidi kadiri mashine inavyoruhusu. Ila usiweke inchi nzima kwenye mashine ya inchi 14 hata kama inaingia, kwani springi yake haina nguvu ya kuinyoosha.

Idadi ya meno ndiyo inayosahaulika. Meno yasiyopungua matatu lazima yawe ndani ya mbao wakati wote, na kazi huwa safi yakiwa sita hadi kumi na mbili. Ubao wa inchi moja kwa bledi ya meno 6 kwa inchi ni sawa kabisa. Lakini ubao wa inchi 6 uliosimama, ukiukata kwa bledi hiyo hiyo, una meno 36 ndani kwa mpigo. Mabonde kati ya meno yanajaa unga kabla hayajatoka upande wa pili, unga hauna pa kwenda, bledi inapanda joto na kuanza kutafuta njia yake. Hapo ndipo tumbo linapotokea. Kwa kupasua, tumia bledi ya meno 3 kwa inchi. Uso utakuwa na mikwaruzo, na randa ipo kwa ajili hiyo.

Mbao nazo si sawa. Mninga hukatika kwa heshima. Msaji una chembe za silika zinazokula makali, kwa hiyo bledi iliyokata paina wiki nzima inaweza kuchoka kwa msaji siku moja. Mvule una hila yake: ndani mwake mara nyingine mna mawe ya chokaa yaliyojengeka mti ukiwa hai. Hutayaona mpaka usikie bledi inalia, na meno yameshakwenda. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ubao wa mvule, lichimbue kwa patasi kabla ya kukata. Unga wa mvule pia unawasha ngozi na kubana kifua, basi vaa barakoa, na si ile ya kitambaa iliyolegea.

Kufunga na kuipa njia

Ingiza bledi kwenye mpasuo wa meza, ivalishe gurudumu la juu kisha la chini. Tazama meno: upande unaosimama wewe, yanatakiwa yakutazame na ncha zielekee chini. Yakielekea juu hata ukiigeuza namna gani, bledi imekunjuka nje-ndani. Ishike kwa mikono miwili uisokote, ndani iwe nje. Fundi mwanagenzi akirudisha bledi dukani akisema imetengenezwa kinyume, ujue hili hajaambiwa.

Kaza kiasi cha kuiondoa ulegevu tu. Vidhibiti vyote bado viko mbali. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, kwa mwelekeo wa kukata, huku ukitazama bledi inakaa wapi juu ya mpira. Ikienda mbele kama inataka kudondoka, zungusha skrubu ya mwelekeo, ile ya kuinamisha gurudumu la juu, ili sehemu ya juu ya gurudumu ilale nyuma kidogo. Ikirudi nyuma, fanya kinyume. Robo mzunguko kwa wakati, kisha zungusha gurudumu mara kadhaa ndipo uamue. Bledi haijibu hapo hapo, na asiyekuwa na subira huirusha kutoka ukingo huu hadi ule.

Kaza mkazo kamili, kisha rudia tena, kwa sababu mkazo hubadilisha njia. Bledi nyembamba nazipanga mpaka mabonde ya meno yawe katikati ya gurudumu la juu, si bledi yenyewe kuwa katikati. Tofauti inaonekana ndogo, lakini meno ndiyo yanayokata, na yakikaa juu ya mwinuko wa mpira bledi huvutwa sawa mbele ya kazi. Mashine kubwa zenye magurudumu bapa yasiyo na mwinuko hufuata sheria nyingine, meno yake huning'inia nje ya ukingo. Usichanganye.

Bledi ikikaa pale pale kwa mizunguko ishirini ya mkono, funga nati ya kuzuia kwenye skrubu ya mwelekeo, funga milango, simama kando kushoto, na uwashe kwa sekunde moja tu. Bledi ikikatika au kutoka, mara nyingi hurukia upande wa kulia wa anayeitazama mashine. Tazama. Ikitulia, washa tena.

Mkazo

Kile kipimo kilichochorwa kwenye springi ya mashine yako ni pa kuanzia, basi. Springi iliyochoka baada ya miaka mingi itakuonyesha alama ya nusu inchi huku bledi ikiwa legelege. Njia zangu ni mbili.

Ya kwanza ni kidole. Pandisha kidhibiti cha juu mpaka kiwe sentimita 15 kutoka mezani, chomoa umeme, bonyeza ubavu wa bledi kwa kidole kwa nguvu ya wastani. Ikijongea karibu milimita 6, iko tayari kwa kazi nyingi. Kwa kupasua ubao mpana nataka ijongee chini ya hapo.

Ya pili ni ya macho, na ndiyo ninayoipenda kwa bledi nyembamba. Vidhibiti vikiwa mbali, kaza vizuri na uwashe, milango ikiwa imefungwa. Tazama bledi kutoka mbele: ubavu wake unaonekana kama mstari uliotulia. Legeza mkazo kidogo kidogo mpaka mstari uanze kutetemeka na kuwa mpana. Hapo rudi kukaza mpaka utulie, kisha ongeza robo mzunguko. Zima. Hakuna namba ya kukariri, bledi yenyewe imesema.

Kukaza kupita kiasi si ushujaa. Kunapinda ekseli ya gurudumu la juu, kunaua beringi, na kunafungua kiungo cha bledi, pale ncha zake mbili zilipoungwa. Lakini ukilegeza mno, bledi hujikunja ndani ya mbao na kukata tumbo. Kati ya makosa haya mawili, la pili ndilo ninalolikuta zaidi kwa wanaopasua, na la kwanza kwa waliokwisha kukata tamaa.

Vidhibiti: karibu, bila kugusa

Teremsha kidhibiti cha juu kwenye kimo utakachofanyia kazi. Hili lina maana, kwani nguzo yake kwenye mashine nyingi za bei nafuu haishuki wima kabisa. Ukipanga ikiwa juu kisha ukaishusha, nafasi inabadilika.

Anza na beringi ya mgongo. Isogeze mpaka ibaki nafasi ya unene wa kadi ya biashara nyuma ya bledi, kati ya milimita 0.3 na 0.5. Mashine ikizunguka bila mbao, beringi hiyo isizunguke. Ikizunguka muda wote, mgongo wa bledi unasuguliwa, unakakamaa, na nyufa ndogo zinaanzia huko. Mbao ikiingia, bledi irudi nyuma, iguse, beringi izunguke. Kama haizunguki wakati wa kukata, imejaa utomvu na itachongwa mfereji. Ibadilishe.

Vile vya pembeni sasa, viwe vipande vya chuma, vya mbao ngumu au beringi ndogo. Visogeze mbele mpaka ukingo wao uwe nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Vikipita mbele ya hapo, bledi ikisukumwa nyuma meno yataingia katikati yake na kupoteza mpangilio wa kushoto na kulia, na bledi hiyo haitakata tena mstari. Kunja noti, weka nusu kila upande wa bledi, sogeza vidhibiti viguse noti bila kusukuma bledi upande wowote, kaza skrubu, chomoa noti. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima. Kiungo cha bledi kikigonga, ongeza nafasi kidogo.

Rudia yote hayo kwa vidhibiti vya chini ya meza. Ndiyo, ni lazima upige goti. Karakana nyingi nilizopita, vya chini havijaguswa tangu mashine ifike, na kimoja kimekwisha kabisa. Mtu anapanga vya juu kwa ustadi, kumbe bledi inayumba chini ya meza na mkato unatoka na mteremko.

Ukiwa huna vipande vya chuma, chonga vya mpingo. Mbao hiyo ni ngumu na nzito, inasuguka polepole, na inaweza kusogezwa karibu sana bila kuharibu meno. Chovya kwenye nta ya moto kwanza.

Meza, fensi, na mkato unaokwenda upande

Skwea ikae mezani, ubavu wake ukiegemea bledi, si jino. Sogeza meza mpaka mwanga usipite kati yao, kisha rekebisha bolti ya kusimamia chini ya meza ili ukiinamisha na kurudisha upate nyuzi 90 zile zile. Hakiki kwa kazi halisi: kata kipande cha inchi 3, geuza nusu moja juu chini, ukutanishe nyuso. Zikiacha pengo, hilo pengo ni kosa mara mbili.

Fensi huja mwisho kabisa. Chora mstari ulionyooka sambamba na ukingo wa ubao wenye urefu wa nusu mita, ukate kwa mkono bila fensi, ukifuata mstari. Ukifika katikati, simama bila kuusogeza ubao, zima mashine. Tazama ubao umelala kwa pembe gani juu ya meza. Ukiwa umenyooka na mfereji wa mezani wa kupitishia kisukumio, fensi iwekwe hivyo hivyo. Ukiwa umeinama, kwanza rudi kwenye mabonde ya meno na gurudumu la juu, kwani mara nyingi robo mzunguko wa skrubu ya mwelekeo humaliza. Kama bledi bado inavuta upande mmoja, huenda meno ya upande huo ni makali kuliko ya pili, labda yaligonga msumari. Hapo unaweza kulegeza fensi na kuilaza kwa pembe ile ile. Ni dawa ya muda, ya bledi hiyo tu.

Wakati wa kukata

Machache, maana kila fundi ana mkono wake. Kidhibiti cha juu kishuke hadi kibaki kama nusu sentimita hadi sentimita moja juu ya mbao, kwa usalama wa vidole na kwa unyoofu wa mkato. Sukuma kwa mwendo unaoisikia mashine, na sentimita za mwisho tumia kijiti. Kwenye mashine nyingi za ukubwa huu bledi hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde, na kidole hakina muda wa kujutia. Usirudi nyuma kwenye mkato mrefu mashine ikizunguka, utaivuta bledi kutoka kwenye magurudumu. Na mti wa mviringo usiukate bila kuulaza kwenye kitanda chenye umbo la V, ukiwa umebanwa. Bledi ikiushika utajiviringisha na kuvuta mkono ulioushika.

Matunzo

Kila jioni piga upepo au brashi ndani ya milango yote miwili. Unga ukikaa kwenye gurudumu la chini, bledi inaukandamiza kwenye mpira na asubuhi unaanza na vinundu. Kama mashine haina brashi inayogusa gurudumu la chini, funga ya kufulia nguo kwa skrubu mbili ndani ya mlango. Ni kazi ya dakika kumi.

Meza ya chuma cha kumimina huota kutu haraka, hasa pwani ambako hewa ina chumvi. Safisha kwa msasa laini, kausha, kisha paka nta ya mshumaa na usugue kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi wala oili chafu, mbao itainyonya na vanishi itakataa kushika.

Bledi iliyojaa utomvu huonekana butu hata kama sivyo. Itoe, iloweke nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe juani, ipake mafuta mepesi. Ukikata paina yenye utomvu mwingi, zima mashine mara kwa mara na upitishe mshumaa ubavuni mwa bledi.

Mkanda wa mota nao utazamwe. Ukikauka au kukaa na umbo la puli baada ya likizo ndefu, mashine nzima hutetemeka kwa mdundo, na mdundo huo huonekana kwenye mbao kama ngazi ndogo zilizopangana. Puli mbili ziwe mstari mmoja, na mkanda ubonyee kidogo ukiusukuma kwa kidole gumba.

Bledi ikikatika

Itazame kabla ya kuitupa. Ikikatika kwenye kiungo, kiungo kilikuwa kibaya. Ikikatika kwingine, na nyufa nyingine ndogo zikionekana kwenye mabonde, chuma kimechoka: kona ndogo mno, mkazo mwingi mno, au umri tu. Nyufa zikianzia mgongoni, ni ile beringi ya mgongo iliyokuwa imegusa muda wote. Sauti ya tiki, tiki, tiki kwa kila mzunguko huja kabla ya hayo yote. Ukiisikia, zima.

Kuunga bledi si jambo la kuchomelea kwa fimbo za kawaida. Joto hufanya chuma pembeni mwa kiungo kiwe kama kioo, na kikipinda kwenye gurudumu kinavunjika. Tatizo hilo ni la zamani kuliko sisi: William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, lakini wazo lake lilikaa miaka mingi bila faida kwa sababu hakuna aliyeweza kutengeneza kiungo kinachovumilia kupinda. Mfaransa Anne Paulin Crepin ndiye aliyeleta namna ya kuunga iliyofaa, akaiombea hataza mwaka 1846. Leo tafuta mwenye mashine ya kuungia bledi, inayokutanisha ncha mbili na kuzipasha tena joto la chini ili zilainike. Au chonga ncha zote mbili mteremko, zilalie moja juu ya nyingine milimita chache, uunge kwa solda ya fedha. Hesabu meno kwanza, nafasi isibadilike pale yanapokutana. Kisha saga kiungo kwa tupa mpaka kiwe na unene ule ule wa bledi, la sivyo kitagonga vidhibiti kila mzunguko.

Bledi nzima unayoihifadhi ikunje pete tatu, ifunge kwa uzi, itundike pakavu.

Na jioni, baada ya kazi, legeza mkazo, mizunguko mitatu au minne ya mkono. Mpira hautachimbika, springi haitachoka, bledi itaishi. Lakini ukilegeza, acha alama. Niliwahi kulegeza Jumamosi bila kumwambia mtu. Jumatatu kijana akawahi, akawasha, bledi ikatoka kwenye gurudumu na kujisokota ndani ya kava. Hakuumia, ila bledi mpya ya nusu inchi iliishia kuwa vipande vya kukwangulia gundi. Siku hizi nimefunga kibao kwa kamba kwenye mkono wa kukazia: upande mmoja kimeandikwa IMEKAZWA, upande wa pili IMELEGEZWA.